Ripita inakatakata tangu masika: usinunue moduli kwanza

"Habari fundi. Tuko kikundi kidogo cha redio ya ridhaa huku Arusha, tuna ripita yetu mlimani ya VHF (redio inayopokea mawimbi yetu na kuyarusha tena papo hapo ili yafike mbali), tofauti ya kupokea na kurusha ni kilohezi 600. Imeundwa kwa redio mbili za gari GM300, moja inasikiliza nyingine inarusha, kuna amplifaya ya nje yenye moduli RA60H1317M (ndiyo inayokuza pawa), na dupleksa ya zamani ya silinda 6 tuliyopewa, inayotuwezesha kurusha na kupokea kwa antena moja. Umeme ni sola na betri. Miaka mitatu haikutusumbua. Tangu masika yaanze, waliokuwa wanaingia na redio ya mkononi sasa wanakatakata, ripita inafungua inafunga inafungua inafunga, waliopo karibu tu ndio wanaingia vizuri. SWR tumepima chini ya mlingoti ni 1.5, wati 40 zinatoka kwenye amplifaya. Fundi mmoja katuambia moduli imechoka. Tumeiona mtandaoni kwa bei ya chini sana. Mwenzetu mwingine anasema tuachane na haya makopo tununue ripita mpya ndogo ya Kichina yenye dupleksa yake ndani. Hela tuliyochanga inatosha kimoja tu. Tufanyeje?"

Ndugu yangu, hongereni kwanza kwa kuiweka hewani miaka mitatu kwa vifaa vya kuokoteza, hiyo sio kazi ndogo. Na asante kwa kueleza vizuri, maana umenipa namba na namba ndizo zinanisaidia. Unachoniuliza kwa kifupi ni hela iende kwenye moduli au kwenye ripita mpya. Jibu langu kwa leo ni kwamba isiende popote, kaeni nayo. Kwa maelezo yako sioni dalili kwamba moduli ndiyo mgonjwa, na ile ripita ndogo ya Kichina naogopa itawarudisha nyuma kuliko mlipo sasa.

Tuanze na moduli. Moduli iliyokufa au inayokufa dalili yake kubwa ni pawa kushuka. Nyie mmepima mnapata wati 40, na mnaosikiliza mnaisikia ripita vizuri tu, sio? Shida yenu ni ripita kuwasikia nyie. Sasa mdomo mzima, masikio ndio yameziba, halafu mnataka kubadilisha mdomo. Kuna njia moja ambayo amplifaya inaweza kuwa na kosa hata ikitoa wati 40 nitaifikia, lakini sio pa kuanzia.

Hiyo fungua-funga nayo ielewe inavyotokea, ukiielewa utajua pa kutafuta. Mtu wa mbali anabonyeza, risiva inamsikia, kontrola inawasha transmita. Transmita ikiwaka tu, risiva inakuwa kiziwi, yule mtu anapotea, skwelchi (mlango wa sauti wa risiva) inafunga. Transmita inazima. Ikizima risiva inapona, inamsikia tena kumbe bado anaongea, inawasha transmita tena, na mchezo unarudi pale pale. Ndio maana inakuwa kama mtu mwenye kwikwi. Wa karibu hapati shida kwa sababu mawimbi yake yana nguvu, hata risiva ikiwa nusu kiziwi bado anasikika.

Kwa nini risiva inakuwa kiziwi? Fikiria kazi tunayoipa ripita. Tuseme wati 25 zinapanda kwenye antena, na antena ile ile muda ule ule inatakiwa isikie mawimbi ya maikrovolti 0.25. Ukigawanya pawa moja kwa nyingine unapata 2 ikifuatiwa na sifuri 16, kwa lugha ya mafundi desibeli 163. Ni kama kumsikiliza mtu ananong'ona ng'ambo ya uwanja na wewe mwenyewe unapiga kelele kwa nguvu zako zote. Dupleksa ndiyo inafanya hili liwezekane, na inapigana na maadui wawili tofauti, watu wengi wanamjua mmoja tu. Wa kwanza ni mawimbi yenyewe ya transmita kuivamia risiva, hao wanazuiwa na silinda za upande wa risiva wakisaidiwa na uchaguzi wa risiva yenyewe. Wa pili ni kelele. Kila transmita inatoa mvumo mdogo mdogo pembeni ya frikwensi yake, na ule mvumo ukiangukia kwenye frikwensi ya kupokea risiva haiwezi kuuchuja kamwe kwa sababu uko mle mle inamosikiliza, lazima ukatwe kabla haujatoka, kwenye silinda za upande wa transmita. Kwa kilohezi 600 mnahitaji kama desibeli 80 mpaka 90 kila upande.

Kabla ya yote hayo lakini, pima betri. Nasema hivi kwa sababu umetaja sola na umetaja masika, jua limekuwa la shida wiki nzima na betri zina miaka mitatu. Voltiji ikianguka transmita inapowaka, kontrola inaweza kujizima na kuwaka upya, na kwa anayesikiliza inakuwa kwikwi ile ile. Weka mita kwenye terminali za redio zenyewe, sio kwenye betri, maana hata waya mwembamba au fyuzi yenye kutu inakula voltiji, halafu mtu abonyeze akae hewani dakika moja nzima. Ikishuka chini ya volti 11 na kitu, hapo mmepata wa kushughulika naye kwanza. Ila kama kwikwi inawapata wa mbali tu na wa karibu wanaongea muda mrefu bila kukatika, betri sio mshtakiwa mkuu, transmita inakula umeme ule ule hata anayeongea akiwa karibu.

Sasa SWR. Hapa ndipo naona mmedanganywa, na hamko peke yenu, kila mtu hudanganywa na hii. Mmepima chini ya mlingoti mkaona 1.5 mkasema antena nzima. SWR inalinganisha kinachopanda na kinachorudi. Kebo ikiwa mbovu inakula mawimbi yanapopanda na inayala tena yanaporudi, kwa hiyo mita chini inaona kidogo sana kimerudi na inakuambia mambo safi. Nikupe hesabu: kebo inayopoteza desibeli 6 kwenda, ukiikata antena kabisa kule juu ukaacha waya wazi bila chochote, mita ya chini itakuonyesha kama 1.7. Bila antena! Sasa 1.5 yenu inamaanisha nini? Inaweza kumaanisha antena nzuri, au kebo imejaa maji. Kama mliwahi kuandika namba ya SWR siku ya kwanza kaitafuteni, kama ilikuwa mbaya kidogo na sasa "imekuwa nzuri", hiyo ni habari mbaya.

Nilipandishwa mlima mmoja miaka kadhaa nyuma kwa kesi inayofanana sana na yenu, masika hivi hivi. Nilipofungua konekta ya PL-259 chini ya antena kulikuwa na utepe wa umeme mweusi umezungushwa vizuri, ukitazama unasema kazi safi. Nikaubandua, gundi imekuwa kama uji, nikafungua konekta likadondoka tone la maji ya kijani. Nikakata koaksi, yaani kebo ya antena, sentimita 10 nyaya za nje zilikuwa nyeusi, nikakata mita moja bado nyeusi, nikakata mita tatu bado. Maji yanatembea ndani ya ile nyavu kama mafuta ya taa kwenye utambi. Waliokuwa wananisubiri chini walikuwa tayari wameagiza transmita mpya.

PL-259 haizuii maji hata uifunge vipi, na utepe wa umeme peke yake haufai juani. Kule juu weka konekta za N, na ufunge na ule utepe wa mpira unaojishika wenyewe, uvute mpaka upungue unene, uzungushe kutoka chini kwenda juu ili mikunjo ikae kama mabati na maji yateleze, halafu juu yake ndio uweke utepe mweusi mzuri wa kukinga jua. Na kabla kebo haijaingia kwenye konekta au kwenye nyumba acha mkunjo ushuke chini ili maji yadondokee hapo.

Kupima kebo kweli kweli kuna njia mbili. Kama mna dami lodi (mzigo bandia unaomeza pawa badala ya antena) na wati mita, mtu apande na dami lodi aifunge mwisho wa kebo, pima wati zinazoingia chini na zinazofika juu. Kama kuna mtu ana NanoVNA (kipimo kidogo cha antena na kebo) ni rahisi zaidi, mnafungua antena tu kule juu mnaacha kebo wazi, mnasoma chini desibeli zinazorudi mnagawa kwa mbili, hiyo ndiyo hasara ya kebo. RG-213 nzima ya mita 30 kwenye megahezi 145 inapoteza kama desibeli 2.7, RG-58 urefu huo huo inapoteza kama 6 hata ikiwa mpya (kama mnatumia RG-58 mlingotini itoeni leo). Zile kebo nene za shaba za minara, za nusu inchi, hazifiki hata desibeli 1. Mkipata zaidi sana ya hapo kebo imekwisha, msiikaushe msiiungeunge, toa.

Anayepanda apande na mkanda, transmita izimwe na fyuzi itolewe iwe mfukoni mwa anayepanda, na mawingu yakijikusanya mnashuka. Kama hamna mtu aliyezoea minara mlipeni anayepanda kila siku. Hapo sitaki ubishi.

Jaribio lenyewe la kujua ukiziwi unatoka wapi mnaweza kulifanya hata bila vifaa vya gharama. Chomoa waya unaowasha transmita. Mwenzenu aende mbali na redio ya mkononi mpaka asikike kwenye spika ya risiva kwa shida, na ule mvumo nyuma yake. Sasa washa transmita kwa mkono. Akizama ndani ya mvumo, ukiziwi umeuona kwa masikio yako. Halafu toa antena weka dami lodi kwenye mdomo wa antena wa dupleksa, mwenzenu asogee karibu na apunguze pawa mpaka asikike kwa shida vile vile (dami lodi nayo inavujisha kidogo, utamsikia tu), rudia. Kama kwenye dami lodi ukiziwi umepotea na kwenye antena upo, kosa liko nje, yaani kebo, konekta, antena, au chuma chenye kutu mlingotini. Kutu hiyo msiidharau, vyuma viwili vinavyogusana vibaya karibu na antena inayorusha vinatoa kelele, na utaijua kwa sababu inabadilika upepo ukivuma. Kama ukiziwi upo hata kwenye dami lodi, kosa ni dupleksa, vile vikebo vifupi vya ndani, au amplifaya.

Hapo ndipo amplifaya inarudi kwenye mashtaka. Ipitisheni pembeni, GM300 ipunguzwe pawa iende moja kwa moja kwenye dupleksa. Ukiziwi ukiisha, amplifaya inatoa kelele, na fundi wenu alikuwa na hoja. Lakini hata hapo usikimbilie moduli, angalia kwanza kapasita za pale umeme unapoingia, skrubu za ardhi zilizolegea, na voltiji ya geti. Na kabla ya kuirudisha jiulizeni kama mnaihitaji. Kutoka wati 40 kushuka 10 ni desibeli 6, kwenye redio ya msikilizaji ni tofauti ndogo. Mwenye redio ya mkononi ya wati 5 hafaidiki na ripita inayosikika Dodoma kama yenyewe haimsikii yeye aliyeko chini ya mlima. Redio za gari pia hazikuundwa kurusha mfululizo, zikishushwa pawa zinaishi, betri zinapumua, na dupleksa inapata kazi nyepesi.

Kuhusu dupleksa nawaomba kitu kimoja, msiguse skrubu zake. Najua mkono unawasha, mtu anasema ngoja nizungushe kidogo nione. Kila silinda ina marekebisho ya kupitisha na ya kuzuia na yanategemeana, na vikebo vya kuunganisha silinda na silinda vimekatwa kwa urefu maalumu, ukibadilisha kimoja kwa kingine kirefu zaidi umeharibu hesabu. Mnachoweza kupima ni hiki: wati zinazoingia na zinazotoka. Wati 40 zikiingia kama 28 zitoke, hiyo ni hasara ya kawaida ya desibeli 1.5. Zikitoka 12 kuna kitu kimehama au konekta imelegea. Vikebo vya ndani kama ni RG-58 ya kawaida badilisheni viwe vya nyavu mbili, RG-214, RG-142 au RG-400, ila vile vya kati ya silinda viwe RG-214 kwa urefu ule ule. Na msiwekewe LMR-400 kwenye ripita, ni kebo nzuri kwa kazi nyingine, lakini ndani kuna karatasi ya alumini inagusana na nyavu ya shaba iliyopakwa bati, na metali mbili zikisuguana huku unarusha na kupokea kwa pamoja zinakuletea kelele ile ile tunayoikimbia.

Sasa ile ripita ndogo ya Kichina. Sio kwamba ni mbaya kwa kuwa ni ya Kichina. Kibaya ni ile dupleksa bapa ndogo ya ndani. Robo ya wimbi kwenye megahezi 145 ni sentimita 52, ndio maana silinda zenu ni ndefu vile. Zile ndogo zimeundwa kwa tofauti ya megahezi 5 na kuendelea, soma karatasi yake utaona imeandikwa. Kwa kilohezi 600 haiwezi, na muuzaji akikuambia ataitune iweze usimpe hela. Kama siku moja mtaamua kufungua ripita ya UHF yenye tofauti ya megahezi 5 au 7.6, hapo itafanya kazi vizuri na ni bei nafuu. Na wale wanaoshauri antena mbili badala ya dupleksa, moja juu moja chini ya mlingoti, kwa kilohezi 600 peke yake haitoshi.

Spea. Ikithibitika moduli kweli imekufa, RA60H1317M nunua kwa wasambazaji wakubwa wanaojulikana kama Mouser au Digi-Key wakiwa nayo, au duka la mambo ya RF kama RF Parts la California, ulipie na usafiri uumie mara moja. Hiyo bei ya chini sana uliyoiona mtandaoni ndiyo inayonitia wasiwasi, moduli na transista za RF ni katika vitu vinavyoghushiwa sana. Utaona uso umesuguliwa na maandishi mapya yamechapwa juu, au miguu ina alama ya kuchomolewa kwenye bodi ya zamani. Ukiifunga, hitisinki (bamba la kupoozea) iwe tambarare kabisa, grisi ya joto nyembamba, na skrubu mbili uzikaze kwa zamu kidogo kidogo, ukikaza moja mpaka mwisho bamba linapinda na seramiki ya ndani inapasuka, moduli mpya imekufa kabla haijaonja umeme. Na amplifaya za zamani zenye transista za seramiki nyeupe msizivunje wala kuzisugua, nyingine zina oksidi ya beriliamu na vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Vya kawaida nunua hapa hapa. Feni, fyuzi, rilei, kapasita, Kariakoo vipo, na mtu akipita Nairobi Luthuli Avenue vipo tele. Kapasita chukua za nyuzi 105 sio 85, kisanduku cha mlimani kinapata joto. Koaksi omba ukate kipande uvue ganda dukani, ukiona nyaya za nje chache mpaka plastiki ya ndani inaonekana, rudisha. Konekta iguse na pasi ya kulehemu, ile nyeupe ya tefloni haiyeyuki, ya bei rahisi inalainika na pini inahama.

Mkiwa na hela zaidi baadaye, ripita ya mtumba iliyoundwa kuwa ripita, mfano Kenwood TKR-750, ni hatua nzuri sana kuliko kisanduku kipya cha bei rahisi, na dupleksa yenu ya silinda 6 mtaendelea nayo. Zungumzeni na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya kuagiza kitu chochote kinachorusha, mzigo usije ukakwama.

Wa kumtafuta ana kwa ana ni fundi mwenye sevisi monita au spektramu analaiza yenye jenereta yake, yaani vyombo vikubwa vya kupimia redio, na huyo mtampata kwa watu wa redio za kampuni za ulinzi, hifadhi za wanyama, na viwanja vya ndege, huko Arusha hawakosekani. Muiteni kama jaribio la dami lodi limeangukia kwenye dupleksa. NanoVNA itaisogeza karibu lakini haioni kina cha desibeli 90, inaishia kama 70, kumalizia kunahitaji vyombo vyake. Mkiishusha dupleksa ifungeni kwenye magodoro, isilazwe juu ya skrubu, na kila kikebo kiandikwe namba kabla hakijafunguliwa.

Mkipata nafasi ya kupanda niletee namba nne: voltiji kwenye redio ikirusha, wati kabla na baada ya dupleksa, hasara ya kebo, na kama ukiziwi unabaki kwenye dami lodi. Nikiwa nazo nitakuambia hela iende wapi, na nahisi itakuwa mita 30 za kebo na konekta mbili za N.